Mchungaji katika "Serengeti Isife"

Jina la filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotolewa mwaka 1959, laweza kufasiriwa kwa Kiswahili kwa maneno mawili tu: Serengeti Isife. Fasiri hiyo ni fupi kuliko asili yake ya Kijerumani, na huenda yafichua zaidi. Kitenzi "isife" ni amri na ombi kwa pamoja, lakini inayoamrishwa si Serengeti, maana ardhi haina hiari ya kufa wala kuishi. Yuko mtu anayeambiwa akizuie kifo hicho, na yuko mwingine anayedhaniwa kukileta. Wote wawili hawakutajwa katika jina. Uhakiki wa kazi hii hauna budi kuwatafuta watu hao, kwa sababu mfano wao uliingia katika sheria na mipaka iliyofuata, na shauri lao halijakatika mpaka leo.

Uzuri wa kazi yenyewe haukanushiki. Grzimek, aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alijifunza urubani pamoja na mwanawe. Wakaipaka ndege yao milia ya punda milia, wakairusha kutoka Ujerumani hadi Tanganyika. Serikali ya wakoloni ilikuwa imependekeza kuikata hifadhi na kuibadili mipaka yake, na wao walitaka kujua makundi ya nyumbu huelekea wapi mvua zikikatika. Mwaka 1958 waliwahesabu wanyama wakubwa wa tambarare kutoka angani, wakapata 366,980. Waligundua kuwa mipaka iliyopendekezwa haikufuata mapito ya wanyama. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Filamu ilikuja mbele ya watu mikononi mwa baba aliyefiwa, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za kweli.

Mtazamaji aliyeijua habari hiyo hakuweza kuitazama filamu kama taarifa ya uchunguzi peke yake. Mbele yake palikuwa na tanzia. Nchi na kijana huliliwa kwa machozi mamoja, na kila msiba huuongezea mwenzake heshima. Nguvu ya kazi imo humo, na hatari yake imo humo humo: anayelia kaburini habishaniwi, na hoja aliyoifunga ndani ya kilio hupita bila kuulizwa.

Hoja yenyewe imeelezwa waziwazi zaidi katika kitabu kilichofuatana na filamu. Humo hifadhi ya taifa yatakiwa iwe nyika ya asili isiyokaliwa na mtu, si mgeni wala mwenyeji. Na ng'ombe wa Wamasai wahesabiwa pamoja na mambo yanayokausha malisho na chemchemi. Basi yule asiyetajwa katika jina amepatikana. Jangili mwenye mitego ya waya amo pia, naye anastahili lawama anayopewa. Lakini jangili na mchungaji wamekaa katika upande mmoja wa hadithi, kama kwamba kazi zao ni moja. Hili ni kosa la utunzi kabla halijawa kosa la siasa. Mmasai kwa desturi hali nyama ya porini. Lugha ya Kiswahili, ambayo tangu zamani ilitumia neno "nyama" kwa kiumbe kinachotembea na kwa kitoweo kilicho chunguni, ingeshangaa kumwona mtu wa namna hiyo akiwekwa miongoni mwa maadui wa wanyama. Hata jina Serengeti hudhaniwa kutoka katika Kimasai, likiwa na maana ya nchi inayoendelea bila kikomo. Filamu ililiomba jina hilo liishi, kisha ikawatakia waliolitoa wakae kando.

Sehemu ya kosa yatokana na jicho la angani. Kutoka juu nyumbu huonekana na kuhesabika, lakini sababu ya nyumbu kuwa mahali fulani haionekani. Ndege ikipita juu ya tambarare za nyasi fupi majira ya kuzaa, kati ya Januari na Machi, rubani huona nyumbu na ndama wao wengi mno. Aweza kudhani kuwa ng'ombe hawamo kwa sababu hawajafika bado, au kwa sababu sheria imewazuia. Mchungaji ajua sababu nyingine. Ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa usiowadhuru wao wenyewe, lakini ng'ombe akiupata hufa, na dawa yake haikuwapo. Kwa hiyo wafugaji walikuwa na desturi ya kuwapandisha ng'ombe milimani majira hayo, wakawaachia nyumbu malisho yaliyo bora kupita yote. Desturi hiyo haikuitwa hifadhi. Iliitwa kuchunga. Hata hivyo ilitenda kazi ambayo baadaye ilihitaji mipaka, askari na magari, na katika hesabu ya Grzimek haina tarakimu yake.

Habari ya sotoka yauzidi huo ushahidi. Maradhi hayo yaliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, yakafyeka ng'ombe wa Wamasai, yakafyeka na nyumbu na nyati. Katika miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wa nchi za kandokando ya Serengeti walichanjwa. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Lakini ugonjwa ulipotoweka kwa ng'ombe ulitoweka na kwa nyumbu vile vile, na hao waliokuwa kiasi cha 250,000 mwaka 1961 walifika karibu 1,300,000 mwaka 1977. Nyumbu walipozidi, walikula nyasi nyingi. Nyasi zilipopungua, mioto ya kiangazi ilikosa cha kuteketeza. Mioto ilipopungua, miche ya miti iliyokuwa ikiungua kila mwaka ilipata nafasi ya kukua. Kwa ufupi, Serengeti haikufa, na sababu moja kubwa ya kutokufa kwake ilikuwa sindano iliyochomwa katika shingo ya ng'ombe. Si haki kumlaumu Grzimek kwa kutojua mwaka 1959 yaliyodhihirika baadaye. Lakini ni haki kusema kuwa hadithi aliyoitunga haikuacha nafasi ya jambo hilo kutokea, kwa maana ndani yake ng'ombe hawezi kumfaa nyumbu.

Sheria zilisoma hadithi hiyo kwa utiifu. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia mkono katika mapatano ya kuiacha Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa kuwa nchi ambayo watu na wanyama wataishi pamoja. Ahadi hiyo ilikuwa mpya na ya kijasiri, hata ikawa mfano uliotajwa mbali. Ikaanza kupunguzwa kidogo kidogo. Waliokaa ndani ya kreta waliondolewa mwaka 1974. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Bustani ya mahindi nyuma ya boma iligeuka kuwa kosa, ikawa haki, ikarudi kuwa kosa, katika maisha ya mwanamke mmoja asiyehama mlango wake.

Wapo wanaoijibu filamu kwa kuipindua: Mzungu awe mwovu, mchungaji awe malaika. Hao nao wameshika hadithi ile ile kwa mkia. Wakazi wa Ngorongoro hawakufika 10,000, au walizidi kidogo tu, mwaka 1959. Kabla ya mwaka 2022 walikuwa wamepita 100,000. Ng'ombe hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, na familia iliyoishi kwa maziwa sasa yataka nafaka, shule na zahanati. Kuwaambia watu hao waishi kama babu zao ili picha ipendeze ni dhuluma ya namna yake, na hutendwa na marafiki wao pia. Shauri ni gumu, wala halikatwi kwa kuchagua wa kumpenda. Latakiwa kupimwa malisho kwa malisho na majira kwa majira, naye anayejua ng'ombe hupelekwa wapi mwezi wa pili awepo panapopimwa.

Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia familia za Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni, katika mkoa wa Tanga, kwa kauli kwamba wanahama kwa hiari. Wengi wao waliobaki wakakana kuwa hiari hiyo ni huru. Nyumba zilijengwa, mashamba yakapimwa, na nchi ikatangazwa kuwa tayari kupokea wageni. Msomera nako kulikuwa na watu wenye mashamba na mifugo yao kabla ya nyumba hizo kujengwa.