Malimau yakizidi uani: chumvi, barafu na jua

Mlimau uliokomaa hauulizi nyumba ina watu wangapi. Mvua zikikaa vizuri unazaa kwa mkupuo, na baada ya wiki chache ua mzima unanuka malimau yaliyoanguka, yamepasuka na kuota ukungu wa kijani. Wengi huanza kwa kuwagawia majirani, ambao nao mara nyingi wana mlimau wao, kisha hukamua maji yote na kuyajaza kwenye chupa. Maji hayo ndiyo huharibika kwanza. Shangazi yangu, anayeishi Tanga, hufuata mpango mwingine, na kila msimu mlimau wake unamalizika bila tunda zima kutupwa. Nimeuchambua mpango huo hapa kwa sababu kila hatua yake ina sababu.

Kabla ya kushika kisu huyachagua. Yaliyo magumu, yenye ganda safi lisilo na kovu, huwekwa kando kwa ajili ya chumvi. Yenye ganda lililochubuka au kukwaruzwa na miiba ni ya kukamua. Lenye ukungu, hata kama ni doa la ukubwa wa shilingi, halikatwi pembeni likaokolewa. Linatupwa, maana ukungu wa limau husambaa haraka kwenye lundo.

Yale ya kukamua hukwanguliwa ganda kwanza. Hatua hii wengi huiruka, nami naona ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu harufu ya limau haimo kwenye maji, imo kwenye vifuko vidogo vya mafuta juu ya ganda. Ukitaka kuyaona, kunja kipande cha ganda karibu na mshumaa: mafuta yanaruka na kuwaka cheche. Ganda la njano hukwanguliwa kwa kikwangulio chenye meno madogo, bila kufika kwenye nyama nyeupe iliyo chungu, kisha huanikwa kivulini mpaka likauke na kuwekwa kwenye chupa. Hutiwa kwenye chai, kwenye maandazi, hata kwenye uji. Limau lililokwisha kukamuliwa hulegea na halikwanguliki tena, kwa hiyo utaratibu huu haugeuzwi.

Kwenye ukamuaji kuna mtego. Maji ya limau yakikaa mezani saa kadhaa huanza kuwa machungu, na watu hudhani yameoza. Bado hayajaoza. Ndani ya nyama na mbegu za limau kuna kitu kisicho na uchungu wowote. Kikishachanganyika na asidi baada ya tunda kupasuliwa, hugeuka polepole kuwa limonini, ambayo ni chungu. Ndiyo maana shangazi hakamui kwa kuponda mpaka mbegu zivunjike, huchuja hapo hapo, na hugandisha hapo hapo kwenye trei za barafu. Kipande kimoja cha trei yake kinabeba kijiko kimoja cha chakula, na limau la wastani hutoa vijiko viwili hadi vitatu. Mapishi yakisema limau moja, yeye anajua ni vipande vingapi. Vikishaganda huhamishiwa kwenye mfuko uliofungwa vizuri, la sivyo vinanyonya harufu ya samaki waliomo kwenye friza.

Je, si rahisi kuyachemsha maji hayo yakawa mazito, yakatiwa kwenye chupa, na friza ikaachiwa nyama? Wazo hilo ni la zamani na lina historia nzito. Mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa kwenye meli ya kivita ya Uingereza HMS Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 waliougua kiseyeye wawili wawili, kila wawili na dawa yao. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku ndio waliopata nafuu upesi, ingawa matunda yaliisha baada ya siku sita. Lind akatafuta namna ya kuyabeba matunda hayo katika safari ndefu, akapendekeza maji yake yapashwe moto polepole mpaka yawe mazito. Ukali ulibaki. Kilichotibu kiseyeye, ambacho leo tunakiita vitamini C, kiliharibiwa kwa sehemu kubwa na joto, na wakati ule hakuna aliyeweza kukipima. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kuwagawia mabaharia wake maji ya limau kwa utaratibu mwaka 1795 tu.

Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi, jiulize unahifadhi nini. Ukitaka ukali tu wa kutia kwenye mchuzi, moto hauna ubaya. Ukitaka vitamini, barafu ni bora zaidi. Ila barafu inategemea umeme, na umeme ukikatika siku mbili kazi yote inageuka maji.

Chumvi haitegemei umeme. Hapa ndipo penye ustadi wenyewe wa pwani, na hapa ndipo shangazi anapoweka zaidi ya nusu ya mavuno yake. Malimau magumu huoshwa na kufutwa mpaka yakauke kabisa. Kila moja hupasuliwa mara nne kutoka juu, lakini kisu hakifiki chini, ili limau lifunguke kama ua na kubaki limeshikana. Kwa kila kilo mbili za malimau hutumia robo kilo ya chumvi ya mawe. Chumvi inashindiliwa ndani ya mipasuo kwa kidole gumba, limau linabanwa, linatiwa kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na linakandamizwa na lingine juu yake mpaka maji yake yenyewe yatoke. Kesho yake maji yakiwa hayajafunika matunda, huongeza maji ya malimau yaliyokamuliwa. Haongezi maji ya bomba hata tone.

Kufunika huko ndiko kunakobeba kazi yote. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye tunda na kuvinyima vijidudu. Asidi nayo inamalizia: maji ya limau yana pH ya kati ya 2 na 3, na vijidudu vinavyoleta sumu hatari ya botulini havioti chini ya 4.6. Unaobaki ni ukungu, na ukungu unataka hewa. Kipande kimoja kikichungulia juu ya maji, ukungu unaanzia hapo. Shangazi hukandamiza kwa kijiwe safi cha mtoni kilichochemshwa.

Chupa huanikwa juani mchana na kuingizwa ndani jioni, na kila siku hupinduliwa. Baada ya wiki tatu hadi nne nyama nyeupe, iliyokuwa ngumu na chungu, imekuwa laini na imeiva rangi ya kahawia. Hapo achari inaungwa: pilipili kavu iliyotwangwa, thomu, tangawizi, manjano, uwatu kidogo, na siki. Inaliwa na pilau, na wali wa nazi, na samaki wa kukaanga. Mwenye shinikizo la damu asichote tu. Aisuuze kwanza, na kipande kidogo kinamtosha.

Kuna tahadhari mbili ambazo hazipaswi kupuuzwa. Usitumie sufuria ya alumini wala kifuniko cha bati kisicho na kinga, kwa sababu asidi inakula madini hayo na chakula kinapata ladha ya chuma. Na baada ya kukamua, osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kwenda juani. Maji na mafuta ya limau, na zaidi ya ndimu, yana kemikali ambayo ikipigwa na jua juu ya ngozi huunguza. Malengelenge hujitokeza baada ya siku moja au zaidi, na alama nyeusi hukaa muda mrefu. Watoto wanaosaidia kukamua ndio huumia zaidi.

Njia ya tatu ni kukausha, na wenye ndugu Oman wanaijua: ndimu ndogo huchemshwa kidogo kwenye maji ya chumvi, kisha huanikwa mpaka ziwe nyepesi na nyeusi ndani, zitiwe kwenye mchuzi wa nyama au samaki. Inafaa ndimu kuliko malimau yenye ganda nene, na inataka jua kavu. Kuijaribu Tanga wakati wa masika ni kupoteza matunda.

Maganda yaliyobaki hayapotei. Yachemshe kwenye birika lililoota ukoko wa chokaa. Utaona povu, na ukoko utalegea. Usiyasugulie marumaru wala terazo, kwa kuwa asidi hiyo hiyo inazila.

Hukumu yangu ni hii: kama una mlimau mmoja na friza usiyoiamini, anza na chumvi, gandisha yanayobaki, na kausha maganda kila mara. Andika tarehe kwenye kila chupa unayoifunga, na iliyofunguliwa uichote kwa kijiko kikavu.