Hesabu ya Akaunti Ndogo: Jinsi Equity Ilivyofufuka

Wazo lililoijenga benki ya Equity ya Kenya halikuwa siri. Kila aliyewahi kuona chama cha akina mama kikichangishana alijua kwamba mchuuzi wa mboga na mkulima mdogo wa chai wana akiba ya kuweka na haja ya kukopa. Hata mabenki makubwa yalijua. Kilichoyashinda ni hesabu: yangemhudumiaje mtu mwenye shilingi mia chache bila kupata hasara? Peter Munga na wenzake walipoanzisha Equity huko Murang'a mwaka 1984, ikiwa taasisi ya mikopo ya nyumba, walikuwa na wazo lakini hawakuwa na hesabu. Kufikia 1993 Benki Kuu ya Kenya iliihesabu kuwa mufilisi. Asilimia 54 ya mikopo yake ilikuwa hailipwi ipasavyo, na amana za wateja zilikuwa zikilipia gharama za kuendesha ofisi. Wazo lile lile lililokuja kusifiwa baadaye lilikuwa limekaa miaka tisa likiizamisha kampuni.

Ndiyo maana kwangu mimi, kisa cha kuchambuliwa kinaanza 1993, James Mwangi alipoingia kama mkurugenzi wa fedha. Mikopo ya nyumba hudumu miaka mingi, ilhali mwenye akiba ndogo huweza kuja kuidai kesho asubuhi. Anayekusanya pesa za namna hiyo na kuzifungia kwenye matofali anajitafutia balaa. Equity ikaelekeza nguvu kwenye mikopo midogo ya muda mfupi, inayolipwa kwa mshahara, mauzo ya chai au mapato ya duka. Wafanyakazi na wateja wakashawishiwa kununua hisa, mtaji ukaongezeka, na anayefuatilia deni akawa anafuatilia mali yake pia. Mwaka 2000 kompyuta zikachukua nafasi ya madaftari. Hatua hii husimuliwa kwa sentensi moja, nami naiona kuwa ndiyo kitovu cha yote. Kwa madaftari, kila akaunti mpya ni kazi zaidi kwa karani na foleni ndefu zaidi. Kwa kompyuta, akaunti moja zaidi karibu haina gharama. Hapo ndipo iliwezekana kufuta kiwango cha chini cha salio na ada ya kila mwezi, kumfungulia mtu akaunti kwa kitambulisho chake tu, na kupeleka benki vijijini ndani ya gari.

Atasema mtu kwamba ilikuwa bahati, kwa kuwa miaka ya tisini mabenki makubwa yalifunga matawi ya mashambani na kuwafukuza wadogo kwa masharti ya salio. Nafasi ilikuwapo, kweli, lakini haikuwa ya Equity peke yake. Benki ya Akiba ya Posta ilikuwa na mtandao mpana nchini. Tatizo lake ni kwamba sheria haikuiruhusu kukopesha, na akiba ndogo isiyoweza kukopeshwa haiwezi kujilipia gharama. Hoja ya msaada wa nje ina uzito zaidi. Wataalamu wa MicroSave, shirika la kushauri taasisi za fedha, waliisaidia Equity kusikiliza wateja na kupanga upya huduma, na mwaka 2003 mfuko wa uwekezaji wa AfriCap ukaweka mtaji. Anayedai kwamba Equity ilijiinua kwa bidii pekee anaruka kurasa.

Pingamizi lisilojibika kirahisi ni la bei. Akaunti isiyo na ada hulipiwa na mtu mwingine, na mtu huyo kwa sehemu kubwa ni mkopaji mdogo, anayetozwa riba na ada za mkopo. Siuoni huo kuwa udanganyifu, kwa sababu pasipo mapato hayo mlango ungefungwa tena. Hata hivyo, wanaoisifu Equity kama mkombozi wa maskini wangetutendea haki kama wangeeleza pia nani aliyelipa. Kwa vyovyote vile, Equity ikawa benki kamili mwishoni mwa 2004, na Agosti 2006 hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi.