Wembe umefanya kazi, siki imepewa sifa

Wiki iliyopita shangazi alinitumia video na ujumbe mfupi: "Mwanangu, wewe si umesomea kemia? Hii ni kweli?" Fundi alikuwa amemzibia nyufa za bafuni kwa silikoni. Kesho yake akakuta michirizi imekauka juu ya marumaru, nyeupe nyeupe kama njia ya konokono.

Video yenyewe haifiki dakika mbili. Dada anamwaga siki, ananyunyiza bekingi soda, povu linapanda, anasubiri kidogo, halafu anakwangua kwa wembe. Sakafu inang'aa, muziki unapigwa. Imerekodiwa vizuri, na dada ana mkono mtulivu, hilo nampa. Lakini kama maelezo ya sayansi, video hii inaangushwa na wembe wake yenyewe. Nimeitazama mara tatu, na hakuna sehemu hata moja ambapo silikoni inatoka bila kukwanguliwa. Sasa siki imefanya nini hapo? Hatuwezi kujua, kwa sababu hatuonyeshwi mchirizi wa pili uliokwanguliwa bila siki ili tulinganishe.

Nikaamua kulinganisha mwenyewe. Kigae kimoja kilichobaki, michirizi mitatu ya silikoni, siku tatu za kukauka. Wa kwanza nikauwekea siki na bekingi soda, wa pili maji ya sabuni, wa tatu nikauacha mkavu. Baada ya nusu saa wembe uliitoa yote mitatu. Tofauti pekee niliyoisikia mkononi ni kwamba kwenye sabuni wembe uliteleza vizuri zaidi. Kigae kimoja si utafiti, najua, ila ni kulinganisha ambako video haikujaribu kabisa.

Na kuna kichekesho kidogo hapa. Umewahi kunusa silikoni ya bafuni ikiwa mbichi? Nyingi zinanuka siki. Inapokauka huchukua unyevu wa hewani na kutoa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Yaani imeitoa siki ili igande, halafu sisi tunairudishia tukitumaini itaganduka! Kilichobaki ni wavu wa minyororo ya silikoni na oksijeni iliyofungamana, na wavu huo siki haiuyeyushi. Bekingi soda nayo inaizima siki: unabaki na maji yenye chumvi na povu la kaboni dayoksaidi. Kamera inalipenda povu, silikoni haina habari nalo.

Vimiminika vingine huweza kuivimbisha. Mwaka 2003 Jessamine Ng Lee, Cheolmin Park na George Whitesides wa Harvard walichapisha vipimo vya aina moja ya silikoni ya maabara iliyolowekwa kwenye vimiminika mbalimbali. Kwenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, urefu wake uliongezeka kwa asilimia 6 hivi; kwenye heksani, ambayo ni jamaa wa petroli, asilimia 35. Silikoni iliyovimba hulegea na kukwanguka kirahisi. Lakini tafadhali, usikimbilie petroli: mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi kali, sembuse bafuni kwako.

Kilichonikasirisha hasa ni sentensi ya mwisho ya video: "Ikikataa, ongeza jiki." Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Bafu la shangazi lina kidirisha kimoja kidogo, na shangazi ana pumu. Sikumjibu kwa ujumbe, nilimpigia palepale.

Tena dada haulizi sakafu ni ya nini. Kigae chenye vanishi ya kiwandani huvumilia siki. Terazo yenye vipande vya marumaru halisi haivumilii: asidi inakula chokaa na mng'ao unapotea, na huo huurudishi kwa kitambaa. Kapeti la plastiki nalo asetoni hulilainisha likaharibika.

Shangazi ana vigae, kwa hiyo nilimwambia hivi: wembe mpya, ulalie karibu kabisa na sakafu, maji ya sabuni, sukuma taratibu. Utando mwembamba utakaobaki, usugue kwa kitambaa kikavu. Ukigoma, tia mafuta ya taa kidogo sana kwenye kitambaa, dirisha wazi, pasiwe na moto, kisha osha kwa sabuni maana sakafu itateleza. Ingekuwa kapeti la plastiki ningemwambia aache wembe, atumie kadi ya zamani ya benki.

Jioni akanitumia picha. Michirizi imetoka yote, isipokuwa mmoja nyuma ya mlango ambao anasema kaumwachia fundi, anarudi Jumamosi. Safari hii amemnunulia gundi ya karatasi ya kubandika pembeni kabla hajaanza kupaka.