Sindano za Kioo

Kwetu Punia, Maniema, wamebaki wachache sana wanaojua kuchemsha sindano ya kioo. Haja yenyewe imekwisha: sindano za leo ni za plastiki, huchoma mara moja zikatupwa, na hilo ni jema, tulishukuru. Lakini pamoja na zile sindano tuliitupa subira ya watu waliozichemsha, na sijaona bado kilichoshika nafasi yake.

Mmoja wa watu hao alikuwa shangazi wa mama yangu, kwetu Bibi, kwa mji mzima Mama Muganga. Alianza kazi enzi za Symétain, kampuni ya bati iliyokuwa na makambi Kalima na Punia pamoja na matibabu ya wafanyakazi wake, na akaendelea baada ya Sominki kuundwa mwaka 1976. Vyeo havikumshughulisha. Kilichomshughulisha ni sufuria.

Aliitoa pistoni ndani ya bomba, akaviosha mbalimbali, akavifunga kila kimoja kwa kitambaa cha shashi ili vioo visigongane maji yakitokota. Sindano zenyewe alizipitisha juu ya pamba. Moja ikivuta uzi, basi ncha ina kijino, na ncha yenye kijino itamrarua mtoto. Hiyo alikwenda kuinoa kwenye jiwe, taratibu, akiipitisha tena na tena juu ya pamba mpaka iteleze. Kisha moto. Dakika 20 alizihesabu tangu maji yatokote, si tangu sufuria iwekwe jikoni, na hapo hapakuwa na mjadala. Mke wa mkubwa wa kampuni alisubiri benchini kama alivyosubiri mama aliyetoka porini na kikapu cha mihogo. Wengine walinung'unika. Yeye alikaa akiangalia maji, mikono mapajani, na mtu asiyemjua angedhani hana kazi.

Mwaka huohuo wa 1976, huko Yambuku katika Équateur ya wakati huo, hospitali ya misheni ilikuwa ikianza siku kwa sindano tano tu kwa wagonjwa wote wa nje, zikisuuzwa kati ya mtu na mtu. Ebola ikapita humo. Waliougua walikuwa 318, waliokufa 280, watumishi wengi wa hospitali ile wakiwamo. Kinshasa nako, Mayinga N'Seka, muuguzi kijana wa hospitali ya Ngaliema, alimuuguza mtawa aliyeletwa kutoka Yambuku, naye akafa Oktoba. Aina ile ya virusi inaitwa kwa jina lake hadi leo. Bibi alipolitaja jambo hili hakuwalaumu wale wa Yambuku. Alisema walikuwa wachache, foleni ndefu, vifaa haba. Halafu akanyamaza kidogo na kusema kwamba foleni haimjui mtu wa mwisho.

Nyumbani alikuwa yuleyule. Ndugu zake walikuwa wamekufa mapema, kwa hiyo mahari, matanga, ada za shule, ugomvi wa mashamba, vyote vilifika barazani kwake. Mtu akiingia na hasira, Bibi hakumuuliza neno. Alimwonyesha kiti, akamshika kifundo cha mkono, akaangalia saa yake na kuhesabu mapigo. Alihesabu kweli, dakika nzima, midomo ikicheza. Wajomba wenye mvi walikaa wametoa mikono yao kama watoto wa kliniki. Alipomaliza aliutaja mpigo wenyewe, akaagiza maji ya kunywa, yaliyochemshwa bila shaka, na hapo ndipo kesi ilipoanza. Nimeona ndugu wawili waliokuja na mapanga ya maneno wakiondoka baada ya kula sombe na wali wa mchele wetu wa Maniema katika sahani moja. Sidhani ni hekima ya ajabu iliyowapatanisha. Walikuwa wameguswa kwa mkono usio na haraka.

Bei ya bati ilianguka mwaka 1985, na kampuni ikaanza kunyauka na dawa zake. Vilipokuja vita vya 1998 watu walikimbilia porini, na Bibi akaenda nao. Alibeba sufuria, pembe ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, na daftari.

Daftari lile lilikuwa kazi yake ya pili. Kila mtoto aliyempokea alimwandika: siku, jina la mama, uzito kama mizani ilikuwapo, amelia mara moja au amechelewa. Ofisi za serikali ni mbali na barabara zetu zinajulikana, hivyo walimu walikuja kwake kuuliza umri wa wanafunzi, na wachumba walikuja kuhakikisha ukoo. Hata waliozaliwa msituni, vita vikiendelea, wamo, kwa mwandiko uleule ulionyooka.

Kwa kupotea kwa subira ile siwezi kuwalaumu wauguzi wa sasa peke yao. Wengi hukaa miaka bila mshahara wa serikali, wakila kwa ada ya mgonjwa, na mtu mwenye njaa hafundishiki subira kirahisi. Hata hivyo inauma kuona mtoto mwenye homa akiandikiwa dawa kabla hajaguswa paji la uso. Inauma zaidi kusikia mama aliyejifungua salama amezuiliwa wodini kwa sababu ya deni. Zamani Bibi alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya mhasibu na kusema: huyu ni wangu, andika jina langu. Deni likalipwa kidogo kidogo, kwa mchele, kwa mawese, mara nyingine kwa mshahara wake mwenyewe, na mama akaenda kumnyonyesha mwanawe nyumbani kwake. Leo nani anasema huyu ni wangu, kwa mtu asiye wa ukoo wake?

Daftari la mwisho limo sandukuni kwa mjomba. Waliozaliwa tangu Bibi azikwe hawamo, ingawa kila mtu mzima katika ukoo ana simu mfukoni na kalamu nyumbani. Juzi mmoja wa wajukuu alipelekwa kuandikishwa shule. Mwalimu akauliza alizaliwa lini, baba akataja mwaka mmoja, mama akataja mwingine, na mwalimu akaandika wa baba.