Shokapu Ina Mwenyewe

Fundi wa bodaboda anayeijua kazi yake hagusi shokapu za nyuma kabla ya kumhoji dereva: unabeba mizigo au abiria? Mishikaki unapakia? Akishajibiwa ndipo anapochukua spana na kuzungusha kola ya springi. Maswali hayo ndiyo msingi wa kazi ninayoisifu hapa, ya kurekebisha shokapu ya nyuma ya baiskeli ya milimani. Na undugu upo: Bob Fox alipoanzisha kampuni yake Marekani mwaka 1974, alikuwa akitengeneza shokapu za upepo za pikipiki za mashindano. Leo jina lake limo kwenye baiskeli za milimani duniani kote.

Kiwanda hakimjui atakayeipanda baiskeli. Hakijui uzito wake, wala kama njia yake ina mizizi au changarawe. Jedwali linalokuja na baiskeli ni makadirio tu. Mengine yote humngoja mwenyewe.

Kazi inaanza kwa kuvaa. Kofia ngumu, viatu, begi la maji likiwa limejaa, kwa sababu uzito unaotakiwa ni ule wa safarini. Kisha pampu. Tairi ya baiskeli hii hutosheka na psi 25 hivi, lakini shokapu inaweza kudai 200, kwa hiyo ina pampu yake ndogo yenye geji. Shokapu nyingi za sasa zina vyumba viwili vya upepo: kikubwa kinachokubeba, na kidogo kinachoilainisha inapoanza kubonyea. Ukishajaza, ikandamize taratibu mara kumi hivi ili upepo upenye chumba cha pili. Utaona mshale wa geji ukirudi nyuma, nawe utaongeza tena. Asiyefanya hivyo anasoma namba isiyo ya kweli. Halafu unapofungua pampu, ule mlio wa “fsss” unaowatia watu wasiwasi ni upepo wa kwenye mpira wa pampu, si wa shokapu. Ukiirudisha pampu ili uhakikishe, shokapu itaujaza mpira huo na geji itasoma chini kidogo. Wengi hudhani inavuja.

Sasa panda, mwenzako akishika usukani. Simama juu ya pedeli kama unayeteremka, sukuma kipete cha mpira kilicho kwenye fimbo ya shokapu hadi kiguse sili, kisha shuka bila kurukaruka. Fimbo hiyo ikiwa na mwendo wa milimita 50, kipete kikisimama kwenye 15, umebonyea asilimia 30, na kwa njia za kawaida za milimani hapo ni pazuri. Watu huuliza kwa nini tupoteze mwendo wote huo kabla ya kuanza safari. Haupotei. Gurudumu hukutana na mawe na hukutana na mashimo pia, na bila akiba ya kushukia litaning'inia hewani kila penye shimo. Tena shokapu hufanya kazi kwa wenzo: kama gurudumu lina mwendo wa milimita 130, kosa la milimita 2 kwenye fimbo ni zaidi ya milimita 5 ardhini.

Utamu wa kazi hii uko kwenye kile kifundo, mara nyingi chekundu, kinachoamua shokapu ijirudi kwa kasi gani. Ndani ya shokapu mafuta hupita kwenye vitundu vyembamba, na nguvu ya kishindo hugeuka joto. Baada ya mteremko mrefu utalihisi kwa kiganja. Ikijirudi upesi mno, kiti kinakurusha. Ikichelewa mno, jiwe la kwanza linapita salama, la pili nalo, lakini kufikia la nne shokapu imeshazama na haina mwendo tena. Mpandaji huhisi ugumu, anasema upepo umezidi, anaupunguza, na baiskeli inazama zaidi. Dawa ilikuwa hatua mbili za kifundo. Ndiyo maana namheshimu fundi anayechagua kipande kifupi cha njia, akakirudia kwa mwendo uleule, akibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Ni uungwana wa kusikiliza kabla ya kuhukumu, na siuoni mara nyingi.

Mafuta na chumba cha naitrojeni kilicho ndani ya shokapu mwachie fundi mwenye vifaa, wala usifungue silinda ya upepo kabla ya kutoa upepo wote.

Kama unayo baiskeli ya namna hii na hujui namba zake, tafuta pampu ya shokapu wikendi hii. Andika psi, milimita na hatua za kifundo kwenye kipande cha karatasi, na siku ukimwazima rafiki baiskeli, mpimie upya.