LUGHA YA KISIWA CHA UTOPIA: NI LUGHA YA NANI?

Makada wengi wanalijua neno Utopia kutokana na maandishi ya Engels ya mwaka 1880, yaliyotenganisha ujamaa wa njozi na ujamaa wa kisayansi. Wachache wamekisoma kitabu chenyewe cha Thomas More, kilichotolewa mwaka 1516. Katika kurasa zake za mwanzo, watu wa kisiwa hicho cha kubuni wamepewa lugha yao, yenye herufi zake na shairi la mistari minne. Lugha hiyo yastahili kuchambuliwa, kwani ndani yake tunaona nguvu na udhaifu wa nadharia nzima.

Kwanza nguvu zake. Miji yote 54 ya Utopia inasema lugha moja. Watoto wote husomeshwa, na elimu yote hutolewa kwa lugha hiyo, ambayo More anaisifu kwa wingi wa maneno na uwezo wa kueleza fikra. Kazi ni saa 6 kwa siku. Wake kwa waume hutumia nafasi yao kujisomea. Huo ni msimamo sahihi: elimu ya wote haiwezekani kwa lugha ya wachache.

Lakini tuulize: lugha hiyo ni mali ya nani? Nchi hiyo hapo kale iliitwa Abraxa. Akaja mshindi, Utopus, akaiteka, akachimbisha mfereji wa maili 15 kuitenga na bara, akaipa jina lake. Shairi linasemwa na nchi yenyewe kwa lugha ya wenyeji, lakini neno lake la kwanza ni jina la mtekaji! Majirani wanaotumia lugha hiyo huambiwa kuwa wameiharibu. Watu wa Utopia wakizidi, huhamia bara, na mwenyeji anayekataa sheria zao hufukuzwa. Nao watumwa wenye minyororo, wanaofanya kazi chafu, hawakupewa hata neno moja la kusema.

Zaidi ya hayo, More alikiandika kitabu kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1551, miaka 16 baada ya yeye kuuawa. Wakulima wa Uingereza walionyang'anywa ardhi, ambao More aliwatetea humo humo, hawakuweza kukisoma. Aliwafikiria wanyonge, bali hakufikiri pamoja nao. Hiyo ndiyo njozi.

Sisi tunaofundisha siasa kwa Kiswahili tusijipongeze upesi. Kutumia lugha ya wananchi ni sharti la lazima, lakini halitoshi. Mkulima anayesomewa kwa Kiswahili fasaha uamuzi uliokwisha kupitishwa bila yeye, hajashirikishwa, ametangaziwa tu. Kada ajiulize kila anapotoka mkutanoni: je, wananchi walisema, au walisikiliza tu? Lugha huwa ya umma pale umma unapoitumia kuuliza, kupinga na kuamua.