Kutwaa Ardhi au Kuhamisha Watu? Uhakiki wa Istilahi za Mipango ya Ardhi Jijini Kigali

Tangu Rwanda ilipokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, suala la kuzieleza sheria na mipango yake kwa lugha hiyo limekuwa la kiutendaji. Njia nyepesi kwa mfasiri ni kuanzia Kiingereza, kisha kuchukua istilahi iliyokwisha kuzoeleka Dodoma au Nairobi. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba inakiruka Kinyarwanda, ambacho ndicho lugha ya mkazi anayetakiwa kuondoka.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2015 huitwa kwa Kinyarwanda sheria ya *kwimura abantu ku mpamvu z'inyungu rusange*, yaani kuwahamisha watu kwa manufaa ya umma. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1967 kuhusu jambo hilohilo hujulikana kuwa Sheria ya Utwaaji Ardhi. Tofauti si ya mtindo. Katika istilahi ya Kitanzania kinachotendwa ni ardhi, na mtu hayumo. Katika ile ya Kinyarwanda watendwa ni watu, na ardhi haitajwi. Kila moja ina inachokificha. "Utwaaji" hukiri kwamba dola imechukua mali, ilhali *kwimura* hulifanya tendo hilo lionekane kama safari tu. Hata hivyo, anayeandika "utwaaji ardhi" bila maelezo hulipoteza swali ambalo jina la Kinyarwanda hulilazimisha: watu hao wanakwenda wapi?

Swali hilo ndilo lililogubika mgogoro wa Kangondo na Kibiraro, wilayani Gasabo. Wakazi walipewa nyumba zilizojengwa Busanza, wilayani Kicukiro. Wengi walizikataa, wakadai fedha, wakaenda mahakamani. Nyumba zilizosalia zilibomolewa Septemba 2022. Hapa istilahi nyingine inadai kuangaliwa kwa makini. Kiswahili husema "fidia", neno ambalo kwa msikilizaji wa kawaida ni fedha mkononi. Kinyarwanda husema *ingurane*, kutokana na *kugurana*, kubadilishana. Kwa mantiki ya neno hilo, nyumba kwa nyumba inaingia bila taabu. Lakini mabadilishano huhitaji ridhaa ya pande mbili, na sheria yenyewe inaruhusu malipo yasiyo ya fedha pale tu pande zote zinapokubaliana. Ripoti ya Kiswahili inayosema "wakazi walipewa fidia ya nyumba" inalimaliza kwa sentensi moja jambo ambalo ndilo lililokuwa likibishaniwa. Mshauri wa sera anayeisoma hatajua kwamba kulikuwa na ubishi.

Kabla ya kubomolewa, Kangondo ilikuwa imekwisha kupewa jina: Bannyahe, linalouliza kwa kejeli wakazi wanakwenda haja wapi. Lugha ya ofisini ina adabu zaidi, lakini haiko mbali sana na hapo. *Akajagari*, vurugu, ndilo neno la Kinyarwanda kwa makazi yasiyopangwa. Kiswahili nacho kina "makazi holela". Yote mawili hukumu hutangulia maelezo, kana kwamba aliyejenga hakufikiri. "Makazi yasiyopangwa" lina ukavu wake, ila angalau hulirudisha jukumu kwa mpangaji, na ndilo linalopaswa kutumika katika hati za jiji.

Mengine ni mepesi. *Igishanga* hufasiriwa "ardhioevu", istilahi sahihi kwa bustani ya Nyandungu iliyofunguliwa mwaka 2022, lakini baridi mno kwa bonde ambalo wakulima wamelilima miaka mingi, muktadha uamue. *Umudugudu* ni suala zito kidogo, kwa kuwa mazoea ya kuliandika "kijiji" hulipotosha. Ndani ya Kigali, *umudugudu* ni ngazi ya chini kabisa ya utawala, hata katikati ya maghorofa. Kiswahili cha serikali za mitaa Tanzania tayari hutofautisha kijiji cha mashambani na mtaa wa mjini, na kwa Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge neno "mtaa" lingemfikisha msomaji karibu zaidi na mlango wa mkazi anayehusika.